Kisu cha Sakai Nilichonoa Pande Mbili

Haya, kitanda cha juu na kitanda cha chini, na wewe uliyekalia ndoo ya kufulia: punguzeni sauti ya hizo simu, niwaambie vile karibu nirudishwe Kenya kwa sababu ya bidii. Ndiyo, bidii! Wengine hurudishwa kwa uvivu, wengine kwa kupigana, mimi nilikuwa nirudishwe kwa kufanya kazi ambayo hakuna mtu alinituma. Na msicheke kabla ya wakati. Kuna mahali hapo mbele nilitetemeka mpaka vifungo vya shati vikaanza kujifungua vyenyewe.

Mnajua nilikuwa naosha vyombo hapa hapa Doha, kule Pearl, kwenye mkahawa wa Kijapani, ule unaoangalia maboti ya matajiri. Boti moja ya pale ukiiuza unanunua kaunti yetu yote, gavana akiwa ndani, na unarudishiwa chenji. Basi la kampuni lilikuwa linatuchukua hapa Industrial Area asubuhi, mimi na yule Mnepali tuliyekuwa chumba kimoja. Yeye alikuwa mkata mboga jikoni humo humo. Kitanda cha chini kilikuwa chake kwa haki, akaniachia mimi, eti nikikoroma nikiwa juu, paa litaruka. Mtu mpole kabisa. Alikuwa anaenda likizo wiki iliyofuata, tikiti ameshapata, begi ameshalifunga kamba tangu mwezi uliopita.

Sasa kabla ya Doha, mimi nilikuwa mkata miwa, huko kwetu Magharibi. Mkata miwa hana cheti, cheti chake ni panga. Panga likiwa butu, ikifika saa nne asubuhi mgongo umekwisha na wenzako wako mbele wanakuimba. Kwa hivyo tulikuwa tunanoa kabla jua halijatoka: upande huu mara hamsini, unageuza, upande ule mara hamsini, unatema mate kwa jiwe, unarudia. Langu lilikuwa kali mpaka nzi akitua juu yake wanaondoka wawili. Na wote wanaruka! Halafu mimi ni shoto, nanoa kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ukishika jiwe hausikii la mtu.

Shefu wetu alikuwa Mjapani, mtu wa makamo, maneno yake kwa siku yangeingia kwa kisanduku cha kiberiti na vijiti vibaki ndani. Alikuwa na kisu kimoja ambacho hakuna mtu alikuwa anagusa. Kirefu, chembamba kama jani la muwa, mpini wa mti mweupe, na karibu na mpini kuna maandishi ya kwao yamechongwa kwenye chuma. Alipewa na mwalimu wake siku aliyohitimu kazi. Siku moja, sijui alikuwa amefurahishwa na nini, alituambia kimetoka mji unaitwa Sakai. Huo mji wanatengeneza visu tangu enzi za babu wa mababu, na kila mtu ana kazi yake moja. Mmoja anafua chuma, hajui kingine. Mwingine ananoa, maisha yake yote ananoa. Mwingine anatia mpini. Hakuna kuingilia kazi ya mwenzako.

Mimi nikasema moyoni, hawa watu hawajaona mkata miwa. Kwetu mtu mmoja ananoa, anakata, anapakia trekta, na bado anarudi nyumbani kukama ng'ombe.

Basi, kukatangazwa kwamba Ijumaa mchana kutakuwa na onyesho. Mzee mmoja, mnoaji wa kutoka Sakai kwenyewe, analetwa na visu vya mji wake, wageni wakubwa watakuja kuviona, na shefu atakata samaki mbele yao kwa kile kisu chake. Jiko zima likawa mbio. Jumatano shefu hakuwako, ameenda mikutano. Mimi napanguza droo zake, nikakuta kisu kimelala ndani ya ala yake ya mbao.

Sikupaswa kukitoa. Nikakitoa.

Mnoaji hawezi kushika chuma bila kukijaribu, ni kama mama kushika mtoto bila kumpima joto. Nikaweka makali kwenye ukucha. Kisu kikali kinauma ukucha, kinakataa kusonga. Hiki kikateleza, sss, kama mtoto kwenye matope. Butu! Kisu alichopewa na mwalimu, butu kama kijiko cha uji. Nikasikia huruma, wallahi. Tena nikaona na bahati yangu hapo. Nikasema, Ijumaa shefu atakitoa, atakata samaki kama hewa, atauliza nani amefanya hii kazi ya ajabu, na mimi nitatoka kwenye sinki nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko, niseme, ni mimi bwana. Kesho yake naacha masufuria, napewa meza ya kukata.

Jiwe la kunolea la shefu lilikuwa rafuni, limekauka mpaka linapasuka kiu. Nikalilowesha. Upande huu hamsini, nikageuza, upande ule hamsini. Nikaona haitoshi, heshima ya Sakai ni kubwa, nikapiga mia mia. Mate sikutema, jikoni kwa watu hakutemwi. Nilipomaliza kilikuwa kinanyoa nywele za mkono bila maji. Nikakifuta, nikakirudisha kwenye ala, nikaenda kuosha masufuria nikipiga mluzi.

Alhamisi tuko kwa basi tunarudi. Mnepali, ambaye huniita bhai, yaani ndugu, ananionyesha simu. "Bhai, tazama, huyu ni mzee kama yule anakuja kesho."

Video. Mzee wa Kijapani ananoa kisu kirefu, ndugu pacha wa kile cha shefu. Anainua mgongo wa kisu kidogo, ananoa upande mmoja. Ananoa, ananoa. Mimi nangoja ageuze. Hageuzi. Mwisho anakilaza upande wa pili bapa kabisa juu ya jiwe, kama mtu anamlaza mtoto, anakipitisha mara mbili tu, basi.

Nikauliza, "Mbona hanoi huu upande mwingine?"

Mnepali akasema, "Huu haunolewi, bhai. Kisu hiki kina makali upande mmoja tu. Nyuma kumebonyea kama kiganja, ili samaki asigandie. Ukiinua na kunoa nyuma, umekiua."

"Umekiua kabisa?"

"Kabisa. Kwani?"

"Hapana, nauliza tu."

Alinitazama kutoka taa nyekundu mpaka taa nyekundu nyingine. Mimi nikatazama nje. AC ya basi ilikuwa inapuliza baridi ya kugandisha nyama, na jasho lilikuwa linanitoka mpaka aliyekaa mbele akaangalia juu kama paa linavuja.

Ijumaa wenzetu wengine wanaenda Mesaimeer kanisani. Mimi ningetamani siku hiyo kuliko siku zote kuwa Mesaimeer, mstari wa mbele kabisa, nimeshika nguzo. Lakini nilikuwa zamu. Saa tatu hivi mzee wa Sakai akaingia jikoni. Mdogo hivi, ukimweka kwa gunia la kilo tisini inabaki nafasi ya mahindi. Lakini vidole! Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye mikunjo, vimekunjwa na jiwe, kucha zimelika upande mmoja. Nikavitambua. Wakata miwa wazee wana vidole hivyo. Moyo ukanishuka mpaka kwenye soksi, maana mtu wa vidole hivyo humdanganyi.

Shefu akatoa kisu chake ajaribu kabla ya wageni. Akachukua figili, ile nyeupe ndefu yao. Akakata kipande kimoja. Kisu kikaenda kombo. Akakata cha pili. Kombo. Vipande vinatoka vinene huku, vyembamba huku, kama kabari ya kuzuia mlango. Akasimama. Akageuza kisu, akatazama nyuma yake kwenye taa. Sijawahi kuona mtu anazeeka haraka hivyo. Alianza kukitazama akiwa na miaka hamsini, alipokishusha alikuwa na sabini.

Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alimpa mzee kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

Mudir akaingia, meneja wetu, mtu wa suti na miwani, akaambiwa. Akatupanga mstari, watu sita wa jikoni. "Mimi sina maneno mengi. Aliyegusa hiki kisu anapanda ndege Jumapili. Khalas, imekwisha. Nani?"

Friji zinanguruma. Mimi natazama viatu vyangu, naona vimeanza kuelekea uwanja wa ndege vyenyewe.

Mzee wa Sakai akasema kitu polepole. Shefu akatafsiri, maana mzee hakuwa na lugha nyingine: "Anasema mudir asipige kelele. Kisu kitasema. Anataka kila mtu achukue kisu cha jikoni na jiwe, anoe mara kumi."

Jamani. Kule Sakai kila fundi ana kazi yake moja, na kwa hivyo kila mkono unajulikana. Kisu kikirudi na kosa, mzee anapitisha kidole na anajua ni mkono upi. Mimi hapo ndipo nilielewa maana ya ule mpango wao, na niliuelewa vibaya sana, kama mtu anayeelewa mto akiwa tayari ndani.

Wa kwanza akanoa. Wa pili. Mzee hatazami kisu, anatazama bega na kiwiko. Mimi nikafika. Nikashika kisu kwa mkono wa kulia.

Mkono wangu wa kulia haujawahi kushika hata kijiko! Nilinoa kama mtu anapaka mkate siagi akiwa amelala. Kisu kinaruka, jiwe linahama, nusura nijikate goti. Mzee akanitazama muda. Akapita. Nikapumua pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Alhamisi.

Halafu ikafika zamu ya Mnepali, na huyu ndugu yangu akachukua kisu kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa nimesahau! Chumba kimoja, sahani moja, na nimesahau yule naye ni shoto. Akanoa mara kumi, safi. Mzee akachukua kile kisu cha shefu, akaonyesha mikwaruzo ya nyuma vile imelala, akasema neno moja. Shefu akatafsiri kwa sauti ya chini: "Kushoto."

Mudir akamgeukia Mnepali. "Wewe."

"Sir, si mimi sir. Sijagusa."

"Nani mwingine hapa ni shoto?"

Mnepali akageuza kichwa akanitazama. Mara moja tu, halafu akarudisha macho mbele. Alijua, tangu kwa basi alijua. Ananiona nakula kwa kushoto, napiga mswaki kwa kushoto, nafukuza kunguni kwa kushoto. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili aende likizo yake na arudi, na hakulisema.

Mudir ameshatoa simu. "Basi hilo begi lako lililofungwa, usilifungue tena. Hutarudi."

Nataka niwaambie niliruka mbele kama simba. Uongo. Nilingoja. Nilimhesabia mudir kubonyeza simu mara moja, mara mbili. Kichwani niliona watoto wangu, nikaona bati la nyumba, nikaona mambo yote ambayo mtu huyaona akitafuta sababu ya kunyamaza. Ya tatu ndiyo mdomo ukafunguka, na hata si mimi niliyeufungua.

"Ni mimi. Mimi ndiye shoto. Mwacheni huyo."

Nikachukua kisu cha jikoni kwa kushoto, nikapiga jiwe. Shaa, shaa, shaa. Mzee akafika hapo hapo, akainama, akatazama kiwiko changu. Akatikisa kichwa, ndiyo. Mudir akanielekezea kidole, lakini mzee akainua mkono, mkono mdogo kama wa mtoto, na mudir akanyamaza.

Mzee akauliza. Shefu akatafsiri: "Anauliza, ulijifunza wapi?"

"Kwenye miwa. Panga. Kwetu panga linanolewa pande zote mbili."

Shefu akamwambia. Mzee akakuna shingo. Akauliza tena.

"Anasema, nyuma umenoa vibaya, lakini umenoa sawasawa, mstari mmoja kutoka mpini mpaka ncha. Anauliza, kwa nini ulishika kisu ambacho si chako?"

Sasa jamani, mimi nilikuwa nimechoka na uongo. Nikajibu vile ilivyokuwa. "Kwa sababu kilikuwa butu."

Shefu akafungua mdomo kutafsiri. Akaufunga.

Hapo ndipo niliona nimejichimbia shimo la pili ndani ya lile la kwanza. Mpishi wa kwao hulala kama kisu chake kiko tayari, na kama hakiko tayari halali. Hiki alipewa na mwalimu wake. Na mimi, muosha sufuria, nimemwambia aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mnoaji wa Sakai, kwamba kisu chake kilikuwa butu. Mwaka mzima shefu alikuwa wa kompyuta na mikutano, sisi sote tulijua, lakini kujua ni kitu kimoja na kutafsiri ni kingine.

Mzee akangoja. Akauliza tena kwa sauti ile ile. Shefu akanitazama, uso mwekundu kama samaki wake. Angeweza kusema chochote! Angesema, "Mjinga huyu anasema alikuwa anacheza," nani angejua? Mimi Kijapani sijui hata cha salamu. Mudir hajui. Ndege yangu ya Jumapili ilikuwa pale kwenye ulimi wa yule mtu, na ulimi ulikuwa wake.

Friji zikanguruma mpaka nikajua kila moja inaimba sauti gani.

Shefu akamgeukia mzee, akaweka mikono mapajani, akainama mpaka kofia ikaanguka, na akasema. Maneno mawili matatu tu. Nilijua amesema ukweli kwa sababu mzee aliacha kunitazama mimi.

Alichoambiwa shefu baada ya hapo hakikutafsiriwa. Na hakikuhitaji. Kilikuwa kirefu, kwa sauti ndogo, na mimi nilikisikia kama nilivyokuwa nasikia cha babu yangu nikirudisha jembe halijafutwa udongo. Shefu alikuwa anaitika tu, hai, hai, ile ndiyo yao, na kila akiitika anapungua urefu.

Mzee akaangalia saa ukutani. Wageni ni saa saba. Akatandika taulo chini, kwenye sakafu ya kuoshea vyombo, mbele ya sinki langu mwenyewe, akapanga mawe matatu aliyokuja nayo, akapiga magoti. Akaonyesha kidole hapa: shefu. Akaonyesha kidole pale: mimi. Tukapiga magoti, mmoja huku, mmoja huku.

Akaanza kukila kile kisu kwa jiwe. Ili kufuta makali yangu ya nyuma ilibidi apunguze mbele yote, chuma kizuri cha watu kinageuka tope jeusi. Upana wa punje ya mchele ulienda na maji. Kila alipopitisha nilisikia kwenye mbavu zangu. Halafu akasimamisha. Akampa shefu, shefu akanoa. Akachukua, akanipa mimi. Mkono ukakataa. Mzee akavuta mkono wangu wa kushoto, akaweka vidole viwili juu ya chuma, akavikandamiza kwa vyake, tukasukuma pamoja. Shaa. Nikainua macho kuuliza kama nigeuze. Akanipiga kofi dogo la kidole. Hakuna kugeuza!

Mudir akachungulia mlangoni. "Shefu, huyu mtu nimkatie tiketi ya Jumapili saa ngapi?"

Shefu hakuinua kichwa. Alikuwa anamwagia jiwe maji kwa kiganja, polepole, kama mtu anabatiza. "Jumapili yuko kazini," akasema. "Saa kumi na mbili asubuhi. Na mimi pia. Tunanoa kabla ya kazi, kila siku."

Mudir akasimama kidogo, akaona hakuna mtu anamtazama, akaondoka.

Mimi nikainamia jiwe. Magoti yalikuwa yanawaka moto, shefu naye nilimwona anahamisha uzito, goti hili, goti lile, anameza maumivu. Mzee katikati yetu, ametulia, ananusa chuma. Sisi wawili wakubwa na familia zetu, vichwa chini, vidole vyeusi, hatuthubutu hata kukohoa.

Ndipo mlango ukapigwa teke na yule dada yetu wa Machakos, mhudumu wa mezani, sinia mkononi, anakuja kusema wageni wameketi. Akatuona. Akamwona mzee, akaniona mimi, akamwona shefu mzima na kofia yake amepiga magoti kwenye maji ya sinki. Sinia likamponyoka, akashika kichwa, akapayuka kwa Kiswahili, sauti mpaka kwa wageni:

"Woi, shefu! Kwani na wewe monita amekuandika kwa wapiga kelele?"